Bandari ya Élisabethville na Moto wa Kilio

Tarehe mbili Novemba 1953, siku Wakatoliki wanapowakumbuka marehemu wao, nilimpoteza mume wangu, mchunga bandari ya Élisabethville.

Aliyesoma jiografia atanishangaa. Mji wetu hauna bahari. Ukipanda treni kuifuata, upande wowote ule, utamaliza chakula chote ulichofungiwa nyumbani na utakuwa mweusi kwa masizi kabla hujaona maji ya chumvi. Lakini bandari ilikuwepo, na mume wangu alikuwa na kofia yake ya bandari. Mimi nilisoma kwa masista miaka michache tu. Nilijifunza kushona, kuandika, na Kifaransa cha kusikiliza. Nitaandika niliyoyaona, na yale ya kabla yangu nitayaandika kama mume wangu alivyonisimulia.

Mwanzo ulikuwa kijito. Kilipita upande wa barabara ya Kipushi, chembamba kiasi kwamba mbuzi alikivuka bila kulowa tumbo. Ilikuwa miaka ile kabla bei ya shaba haijaanguka, na wazungu walikuwa na pesa na upweke. Kwao, walisema, kila mtu wa heshima huenda baharini mara moja kwa mwaka, hukaa juu ya kiti cha kitambaa, huyatazama maji, kisha hurudi nyumbani amepumzika. Wakaunda chama, wakachagua mwenyekiti na katibu, na chama kikapiga kura kwamba mji uwe na bahari.

Wakajenga ukuta wa matofali kukizuia kijito. Maji yakasimama, yakapanda, yakayafunika mashamba ya mihogo ya jamaa fulani waliolipwa blanketi. Mchanga ukaletwa kwa mabehewa. Mume wangu alikuwa kijana wa reli wakati ule, Mluba aliyetoka kaskazini, na alikuwa mmoja wa waliopakua mchanga huo kwa sepeto. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi ya bahari.

Baada ya mchanga zikaja kabini za mbao za kubadilishia nguo, zimepakwa mistari myeupe na ya buluu. Ikaja gati. Ukaja mnara wa taa, mrefu kama mtu aliyesimama juu ya meza, kusudi vyombo visipotee gizani, ingawa mtu aliyekuwa ng'ambo moja aliweza kumwomba kiberiti mtu wa ng'ambo ya pili bila kupaza sauti. Ikajengwa hoteli ndogo yenye baraza. Mahali pote pakaitwa Plaji.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti alimwaga ndani ya ziwa chupa ya maji ya bahari iliyoletwa kutoka kwao. Watu wakapiga makofi. Mume wangu ndiye aliyeshika sinia la ile chupa. Karibu naye alisimama mungwana mmoja mzee, fundi wa kushona, ambaye baba yake alifika nchi hii kutoka pwani na misafara ya biashara. Alikuwa ameleta bendera alizozishona. Yule mzee aliinama, akachovya kidole, akakiweka ulimini.

“Chumvi iko wapi?” akauliza.

“Mukubwa amemwanga chupa nzima, mzee. Haukuona?”

“Chupa moja kwa maji yote haya! Hata muke mwenye kupika sombe anatia chumvi kupita hii.”

Mume wangu alinisimulia jambo hilo kwa miaka mingi, na kila mara alikohoa kwa kucheka. Hakumcheka mwenyekiti. Alicheka kwa sababu, yeye na sinia lake, alikuwa ameamini.

Plaji ilifunguliwa rasmi kila mwaka mwezi wa saba. Huku kwetu huo ndio mwezi wa baridi kali. Asubuhi majani yanakuwa meupe, watu wanaota moto, na maji ya mito yamepungua. Lakini kwao mwezi wa saba ni mwezi wa kwenda baharini, na chama hakikuona sababu ya kufuata hali ya hewa ya nchi isiyojua taratibu. Basi familia zilikuja na miavuli ya jua. Watoto walisukumwa ndani ya maji, wakatoka na midomo ya zambarau. Mabwana walijitosa kwa kelele, wakarudi mbio kwenye baraza la hoteli kutafuta kinywaji cha moto. Mwezi wa kumi, joto linapochoma na kila kiumbe kinatamani maji, Plaji ilikuwa imefungwa kwa majira.

Jambo moja lilimkosesha mwenyekiti usingizi. Bahari hujaa na kupwa, na yake ilikuwa imesimama tu kama maji ya beseni. Kwenye ukuta wa kijito kulikuwa na mlango wa chuma wenye gurudumu. Mume wangu akapewa kazi ya kulizungusha. Jumamosi alifungua, maji yakateremka, na Jumapili asubuhi watoto wa wazungu waliokota simbi kwenye tope. Simbi hizo zilitoka katika gunia, na jioni zilirudi guniani. Kisha alifunga mlango, na kwa kuwa kijito kilikuwa na nguvu ya kijito, bahari ile iliyopwa Jumapili ilijaa Alhamisi.

Chini ya ukuta, kando ya kijito, wanawake walilima lengalenga na vitunguu. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na mimi nilikuwa msichana wa kubeba ndoo. Sisi tuliijua bahari ya wazungu kwa namna nyingine. Ilipopwa, mifereji yetu ilipata maji. Kwa hiyo kila Jumamosi wanawake walikwenda kumwita yule kijana mwenye kofia aliyesimama juu ya ukuta.

“Baba Bahari! Leo unatukojolea saa ngapi?”

“Mungoje Mukubwa aseme.”

“Mukubwa analima vitunguu? Fungua, Baba Bahari, mboga yetu iko na kiu!”

Hakujibu matusi kwa matusi. Aliligusa gurudumu kidogo, kama mtu anayeegemea tu, na maji yakaja kabla ya saa yake. Mama yangu akaniambia: “Yule muntu eko na adabu.” Ndivyo nilivyoolewa.

Shaba ilipoanguka, wazungu wengi walirudishwa kwao. Hoteli ikafungwa. Matete yakaota bandarini na vyura wakaichukua Plaji kwa haki kamili, maana wao waliogelea majira yote. Mume wangu akabaki kwa nusu ya mshahara, akiifagia gati ambayo haikufikiwa na chombo chochote. Kisha vita vikaja Ulaya, na vita vikawa neema kwa bandari yetu. Shaba ilitafutwa, pesa zikarudi, na meli za abiria zikawa zinazamishwa, hivyo hakuna mzungu aliyeweza kwenda likizo kwao. Wote wakaja kwenye bahari yetu. Miaka ile walipiga muziki gatini na kushindanisha mashua za matanga. Chombo kilichopata upepo kwenye mstari wa kuanzia kiliugonga ukuta wa mwisho kabla nahodha hajakaa vizuri.

Ndipo mume wangu alipoitwa rasmi mchunga bandari, akapewa nyumba: vyumba viwili vya matofali na bati juu, nyuma ya banda la mashua. Tuliishi humo mpaka mwisho. Mungu hakutujalia mtoto. Ziwa lilikuwa mlangoni petu, na mume wangu aliliondoa matete, chupa na paka waliokufa, lakini kuoga humo kulikatazwa kwa watu weusi, na yeye alikuwa ndiye wa kukataza. Tulichota maji ya kuoga kwenye kijito, chini ya ukuta.

Vita vilipokwisha wazungu wakaanza kuifuata tena bahari ya kweli, wengine kwa ndege. Plaji ikanyauka. Katika miaka ya mwisho walikuja wazee wachache tu, wakakaa barazani, wakasema zamani palikuwa pazuri. Mume wangu aliugua kifua kwa majira mawili, akafa akiwa bado ana kazi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kila mtu mjini aliijua sheria hiyo: kazi ikiisha nyumba inarudi, na kufa ni kuacha kazi.

Tulimzika. Ndugu wa kaskazini wanaoishi mjini wakaja kukaa kilio. Wanaume wakawasha moto nje, chini ya banda la mashua kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, na mimi nikawekwa juu ya mkeka ndani, nimetazama ukuta. Kwetu sisi mjane wa kilio hachani nywele, hasalimii watu, hasimami mbele ya wanaume kusema neno. Moto wa kilio unawaka mpaka siku ndugu wa marehemu anapouzima. Anauzima, anamnyoa mjane, na majivu yanatupwa. Siku hiyo marehemu anapewa ruhusa ya kwenda. Kabla ya hapo hajaondoka. Amekaa motoni na wenzake, anasikiliza.

Ndugu wa mume wangu alikuwa mmoja tu, mdogo wake, mfanyakazi wa reli. Mimi na yeye tuliitana shemeji. Alikuwa mtu mwenye maneno, yaani alichukua maneno yote ambayo kaka yake hakuyatumia.

Katibu wa chama alikuja na kofia mkononi. Huyu alikuwa katibu mpya, mtu mpole, mwenye Kiswahili kizuri, aliyezipenda desturi zetu kuliko alivyotupenda sisi. Nilimsikia kupitia dirishani. Alitoa pole, kisha akauliza kilio kitaisha lini, maana mchunga mpya alikuwa anangoja nyumba.

“Bwana,” shemeji akasema, “moto wa kilio, kwetu, muntu hauzimi. Inajizima yenyewe.”

“Yenyewe? Na mtu akiuzima?”

“Marehemu anakasirika. Anarudia ku kazi.”

“Anarudi kazini!”

“Ndiyo, Bwana. Anakuja kuchunga bandari. Na yeye hataomba tena mushahara, lakini mutamusikia.”

Katibu aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyewekewa asali ulimini. Kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kukanyaga desturi. Nyumba itangoja moto.

Jioni shemeji aliponiletea bukari, yaani ugali, nilimwambia kwa sauti ya chini, maana ndani ya nyumba niliweza kumwambia: “Shemeji, umesema uongo. Na ndugu yako anangoja ruhusa.”

“Ndugu yangu eko na nafasi, shemeji. Wewe ndiye hauna. Nikizima moto leo, kesho unalala wapi? Kwangu? Kwangu batoto banalala sawa sardini mu mukebe. Tukigeuka, tunageuka wote.”

Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu. Moto ukizimwa, sina nyumba. Usipozimwa, mume wangu, ambaye miaka yote alikaa kazini kwa sababu hakuna aliyemwambia sasa nenda, anaendelea kukaa. Niligeukia ukuta wangu.

Ndugu wengine walirudi makwao na kazini mwao. Shemeji alibaki akipokezana na mkewe kuuchunga moto. Kuni zilikwisha. Msitu wa kando ya mji ulikuwa umeingia zamani katika matanuri ya makaa, na makaa yanauzwa. Siku moja nikasikia misumari inang'olewa. Moshi ulioingia dirishani ulinuka rangi.

“Shemeji, hizo ni mbao za kabini.”

“Ni mbao.”

“Ziko na wenyewe.”

“Wenyewe beko ku bahari ya kweli, banaoga. Wakitaka kabini yao, waende kuiuliza moshi.”

Baada ya kabini ya kwanza ikafuata ya pili. Baada ya kabini ikafuata gati, kuanzia mwisho wake kuelekea ukingoni, ili anayetazama kutoka barabarani asione upungufu haraka. Hivyo ndivyo Plaji ya Élisabethville ilivyokwisha. Hakuna aliyeivunja kwa hasira. Ilichomwa ubao kwa ubao ili mwanamke mmoja asilale nje.

Katibu, kwa upande wake, aliwakusanya wenzake mjini akawapa hotuba juu ya moto usiozimwa na mtu. Hotuba ilipendwa sana, na waliosikia wakataka kuona. Ndiyo sababu Jumapili moja, baada ya misa yao, magari yalijipanga kwenye barabara ya Plaji kama miaka ya vita. Walikuja na viti vya kukunja, chupa za limonadi na watoto waliovalishwa vizuri. Wakapanga viti vyao kuuzunguka moto wa mume wangu. Yule mchunga mpya naye aliletwa, awagawie vikombe.

Nilitazama kupitia dirishani. Madamu mmoja mzee alifumba macho akivuta moshi, akasema kwa Kifaransa kwamba moto huu una harufu inayomkumbusha ujana. Mbele yake ulikuwa unawaka mlango wa kabini, na mistari ya buluu ilikuwa bado inaonekana. Shemeji alikuwa amejifunga blanketi, anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa zaidi kuliko ile aliyokuwa nayo makaburini. Katibu alieleza. Kila alipoeleza, desturi yetu iliongezeka. Sasa marehemu alikuwa mfalme wa maji, na mimi nilikuwa sitakula chumvi mpaka moto utakapojizima.

Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama yule mtu aliyekufa yumo ndani ya moto. Mama akamwambia: hapana, mpenzi wangu, hii ni michezo ya watu hawa.

Nikasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikashika ukuta. Nilichukua ndoo iliyokuwa mlangoni, nikatoka na nywele zangu za kilio, nikapita katikati ya viti. Sikwenda kwenye kijito. Nilikwenda ziwani, mbele ya macho yao, nikaingia mpaka magotini, nikajaza ndoo, nikarudi. Niliumwagia moto. Ulipiga kelele, moshi ukawafunika wote, wakakohoa.

Nikasema kwa Kiswahili, bila haraka, kwa sababu sikuwa nimezoea kusema mbele ya watu: “Kwetu moto huu unazimwa na mtu. Ulitakiwa kuzimwa zamani. Shemeji hakuuzima kwa sababu ukizimwa sina pa kulala. Mbao tulizochoma ni zenu, ni kabini zenu na gati yenu. Mume wangu hakuwa mfalme. Alikuwa mchunga bandari. Baba, kazi imekwisha. Nenda.”

Kiswahili cha wengi wao kilikuwa kile cha jikoni: lete, toka, haraka. Wakamgeukia katibu. Yeye alikuwa ameelewa kila neno, nililiona hilo katika masikio yake mekundu. Alisafisha koo. Kifaransa cha kusikiliza nilikuwa nacho, na hivi ndivyo alivyotafsiri: mjane anayashukuru maji, anaumwagia moto kama desturi inavyomruhusu mara moja tu, na anawabariki wageni.

Wakapiga makofi. Yule madamu mzee alilia. Mmoja aliomba nirudie kumwaga, kwa sababu picha yake haikukaa vizuri, lakini hapakuwa na moto wa kumwagia.

Nilimfuata katibu mpaka karibu na gari lake. “Bwana, sikusema hivyo.”

“Najua, Mama.”

“Nilisema mbao ni zenu.”

“Mama,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, “watu wamefurahi. Uwaache.” Kisha, akitazama mahali gati ilipokuwa, akasema kwamba kwa kuwa moto sasa umezimika, mchunga mpya anaweza kuhamia kesho.

“Achunge nini?” nikamuuliza.

Alipanda gari.

Shemeji alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka magari yote yalipoondoka. Nilidhani atanitukana. Alisema: “We muke! Miaka yote ulikuwa unanyamaza, kumbe ulikuwa unaweka akiba.” Akatafuta wembe katika mfuko wa koti lake. Alikuwa nao, na kwa namna ulivyofungwa katika kitambaa niliona kwamba alikuwa ametembea nao tangu mazishi. Akaninyoa pale pale, juu ya mchanga, akaacha sehemu nyingine ndefu na nyingine akaikata mpaka damu, kwa sababu alikuwa analia. Mkewe alikusanya majivu na misumari ya kabini, wakaenda kuyatupa kwenye kijito, chini ya ukuta.

Kesho yake mchunga mpya alifika na mke wake na sufuria zao. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye aibu. Alisimama nje mpaka nilipomwambia aingie. Nilikuwa nimefagia. Nilimwonyesha mahali bati linapovuja, na jinsi mlango unavyoinuliwa kidogo kabla ya kufungwa. Mke wake aliniuliza kama yule marehemu anarudi usiku. Nikamwambia harudi, ameshapewa ruhusa.

Shemeji alibeba godoro na mafungu ya nguo, akasema kwake tutageuka wote. Kitanda kilikuwa cha chuma, kizito, nami nilishindwa upande wangu. Mchunga mpya akaja akanipokea. Walikibeba, yeye na shemeji, mpaka kwenye barabara ya Kipushi, wakakiweka chini pembeni. Kijana akajifuta mikono kwenye suruali, akasema: “Mama, ningefika nanyi mpaka mjini, lakini nimeacha bandari peke yake.” Akarudi mbio.